Muulize Shangazi: "Mpira wa kina dada hauna watu, hela zitoke wapi?"

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba bingwa wa WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, iliyochezwa Morocco Julai 2025 alibeba dola milioni 1, wakati bingwa wa AFCON ya wanaume ya kule Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 alibeba dola milioni 7. Jamani mlivyonishukia! Meseji zimeingia za kila aina, za matusi nimewaachia wenyewe, hizi nyingine tuzungumze.

Shkamoo Shangazi. Mimi sio mbaguzi, nina dada zangu watatu na nawapenda, ila tuwe wakweli, mpira wa kina dada hauna watu. Kuna siku nilipita uwanja wa Isamuhyo JKT Queens wanacheza, jukwaani maafande na wauza karanga. Sasa hizo hela mnazodai zitoke wapi? Mpira ni biashara bwana, anayejaza uwanja ndo anakula. Kama nakosea nisahihishe.
*Mwana Msimbazi, Temeke*

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyeandika hapa kwamba beki wa Ligi Kuu ya Wanawake kesho alipwe sawa na staa wenu wa Msimbazi. Nilichouliza ni pengo la mara saba ndani ya shirikisho moja, bara moja, na hiyo milioni 1 yenyewe imepandishwa juzi tu, mashindano yaliyotangulia bingwa aliondoka na laki 5.

Sasa hilo la watu. Hebu toa Simba na Yanga kwenye ligi ya wanaume alafu chukua timu mbili za katikati ya msimamo, zicheze siku ya kazi mchana huko mkoani. Jukwaani utamkuta nani? Maafande na wauza karanga walewale. Ila sijawahi kusikia mtu anasema hizo timu zisilipwe mana hazina watu. Zinaishi kwa udhamini na hela ya runinga, Azam TV waliposaini na shirikisho la soka la nchi, TFF, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 hawakukaa getini kuhesabu vichwa vya timu moja moja, walinunua ligi nzima, wakaitangaza kila siku, wakaweka kamera na wachambuzi na promo zenye muziki wa kutisha, na leo mtu wa Kyela anamjua kipa wa timu ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Huyo kipa hakuzaliwa maarufu, alionyeshwa.

Alafu usidhani kina mama walikosa watu tangu enzi na enzi. Uingereza huko tarehe 26 Desemba 1920 timu ya wafanyakazi wa kike wa kiwanda cha Dick, Kerr cha Preston ilicheza na St Helens uwanja wa Goodison Park, wakaingia watu 53,000 na maelfu wengine wakabaki nje hawana pa kukanyaga. Mapato yalikwenda kwenye misaada. Unajua chama cha soka cha Uingereza kilifanya nini? Hakikusema haya kina dada wana watu tuwape hela. Desemba 1921 kikaziamuru klabu zake zisiwape tena viwanja, eti mpira haufai kwa mwanamke, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Ndo ujue hoja ya "hawana watu" ilikujaje, walikuwa nao wakanyang'anywa, wakafungiwa nusu karne alafu wajukuu zao wanaambiwa mpira wenu haujakua. Ni kumnyima mtoto uji kisha unamsema kakonda. Walipoachiwa wakapewa viwanja vikubwa na runinga, fainali ya Euro 2022 pale Wembley iliingiza watu 87,192, na Barcelona mwaka huohuo walijaza Camp Nou zaidi ya watu 91,000 mara mbili, dhidi ya Real Madrid na dhidi ya Wolfsburg.

Utaniambia hao wazungu. Haya twende Morocco. Shirikisho lao lilianzisha ligi ya kulipwa ya wanawake 2020, klabu zikawekewa mishahara, mechi za timu ya taifa zikapelekwa uwanja mkubwa, na nusu fainali ya WAFCON 2022 kati yao na Nigeria pale Rabat ikaingiza watu 45,562. Mwaka uliofuata wako Kombe la Dunia na wakavuka makundi. Hiyo ni Afrika hiihii mwanangu, miaka miwili tu tangu waanze kuweka hela.

Sisi tunafanyaje? Mechi ya wanawake inapangwa saa kumi siku ya kazi, tangazo linatoka asubuhi ya mechi kwenye ukurasa wa klabu, picha moja na vijiemoji vya moto. Kesho yake chukua gazeti la michezo, ukurasa wa mbele usajili wa Simba na Yanga, wa pili usajili wa Simba na Yanga, katikati kuna mchezaji mmoja kagombana na mkewe, alafu kule chini kabisa pembeni ya mkeka wa kubeti utakuta mistari minne: timu fulani Queens "yaua" timu fulani mabao matano. Nani kafunga? Haijaandikwa. Dakika ya ngapi? Haijaandikwa. Kuna binti kapiga hattriki kwenye ligi kuu ya nchi na jina lake halipo hata kwenye mistari minne, sasa wewe wa Temeke utampendaje mtu usiyemjua jina?

Na ukitaka tupime kwa matokeo mimi nakubali hata leo. Timu ya kwanza ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA ni ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, India 2022, walimfunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Simba Queens, dada zako wa palepale Msimbazi, mwaka huohuo walimaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika. Ulikuwa uwanjani kuwapokea? Haya.

Shangazi shkamoo. Mimi ni mwanafunzi wa habari niko fildi kwenye redio moja huku Mwanza, kipindi cha michezo. Wanaume wanne wanachambua, mimi kazi yangu kusoma meseji za wasikilizaji na kutaja wadhamini. Nikijaribu kuchangia kuna mmoja ananiuliza hewani "kwani ofsaidi unaijua?" wote wanacheka. Na nikitumwa kuhoji wachezaji wa kike bosi anataka niwaulize kama wana wachumba, eti ndo inatembea mtandaoni. Nifanyeje, fildi naihitaji.
*Mtarajiwa, Mwanza*

Marahaba mwanangu, pole. Hilo swali la ofsaidi wameulizwa wengi kabla yako na linachosha, mana anayeuliza hataki jibu. Ukimjibu vizuri atasema umekariri, ukikosea neno moja ndo kipande kinachosambazwa. Mimi ningemjibu kwa sentensi moja hewani, bila hasira, kisha naendelea na hoja niliyokuwa naisema kana kwamba hakuna kilichotokea. Wasikilizaji sio wajinga, wanasikia nani ana hoja na nani ana kelele.

Ila usibaki kwenye kujibu. Tafuta kitu chako ambacho wale wanne hawana. Hawana namba za simu za mameneja wa timu za wanawake, nakuhakikishia. Wewe zipate. Mechi ikiisha piga, chukua wafungaji, dakika, nani kaumia, nani kapewa kadi, andaa kipande cha dakika tatu na umpelekee bosi kikiwa kimeshakamilika, usimwombe ruhusa ya wazo, mpe kitu kilichopikwa. Mabosi wa redio wanaogopa nafasi tupu kwenye kipindi kuliko wanavyomwogopa mwanamke. Baada ya muda watu watapiga simu kuuliza matokeo kwako.

Kuhusu maswali ya wachumba, usiulize. Bosi akikubana mwambie umepata kitu kingine kizuri zaidi na uwe nacho kweli: kwanini kocha alimtoa winga dakika ya 60, goti lake linatibiwa na nani na bili analipa nani, mkataba unaisha lini, ile kona walikuwa wameifanyia mazoezi au ilijitokea tu. Mchezaji akiulizwa hivyo anafunguka. Akiulizwa wachumba anatabasamu la kulazimisha alafu anatafuta gari.

Na huu ugonjwa haujaanzia Mwanza. Mwaka 2018 Ada Hegerberg wa Norway alikuwa mwanamke wa kwanza kabisa kupewa Ballon d'Or, kapanda jukwaani na tuzo mkononi, mshereheshaji akamuuliza kama anajua kutikisa kiuno. Akamjibu "hapana" akageuka. Hapa kwetu Agosti 2021, kwenye hafla ya kuipongeza timu ya vijana ya wanaume, Rais Samia alisema kuna wachezaji wa kike wenye vifua flati ambao ukiwatazama unaweza kudhani ni wanaume, akagusia na ndoa. Hoja yake ilikuwa maisha yao baada ya kuacha mpira, na hiyo hoja ni ya maana kweli, tungeijadili wiki nzima, bima, elimu, akiba. Lakini vifua ndo vilivyobaki kwenye vichwa vya habari, mana redio nyingi zilicheza kile kipande na kucheka, za kuuliza wachezaji wenyewe zilikuwa za kutafuta.

Kuna mradi unaopima habari za dunia nzima kila baada ya miaka mitano, GMMP, walipoanza 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaotajwa na kuhojiwa kwenye habari, na 2020 wakafika 25. Robo karne kupanda asilimia nane, na hizo ni habari za jumla, michezo haijatengwa hapo.

La mwisho, na hili nalisema taratibu. Ikiwa hayo ya hewani yanaendelea mpaka nje ya studio, meseji za usiku, kushikwashikwa, andika tarehe na saa, tunza hizo meseji na umwambie msimamizi wako wa fildi chuoni. Fildi inapatikana kwingine.

Wanawake tenisi wanacheza seti tatu, wanaume tano, Wimbledon hela sawa. Hiyo ndo haki?
*Mpenda Haki, Tanga*

Kwani wanalipwa kwa saa? Basi Eliud Kipchoge alitakiwa awe tajiri mara mia ya Usain Bolt. US Open walisawazisha zawadi 1973 baada ya Billie Jean King kusema bila hivyo wachezaji wanawake hawaji, Wimbledon wao wakasubiri mpaka 2007, na tiketi bado mnagombania. Seti tano wenye mashindano wakitaka waziweke kwenye ratiba, kina dada walishasema watacheza.

Sasa Auntie. Mimi nasoma column yako nikiwa huku Eldoret na naona hii shida ni ya mpira tu. Riadha yetu mwanamke analipwa sawa na mwanaume, Faith Kipyegon na Beatrice Chebet ni mastaa kuliko wanaume wengi, kila gazeti linawaandika. Si mngekuja mkajifunze kwetu?
*Shabiki wa mbio, Eldoret*

Nzuri sana, na kwenye zawadi uko sahihi, mashindano ya dunia ya riadha na marathoni kubwa mshindi wa kike na wa kiume wanapewa sawa. Na Faith ni Faith, dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1500 mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, na katikati hapo kazaa mtoto 2018 akarudi. Mkija kutufundisha tutakaa chini tusikilize.

Ila hata riadha iliporwa kabla hamjaanza kuitawala, na waliopora walitumia magazeti. Olimpiki ya Amsterdam 1928 wanawake waliruhusiwa mita 800 kwa mara ya kwanza, fainali wakakimbia tisa na wote tisa wakamaliza, Lina Radke wa Ujerumani akashinda. Waandishi wakaenda kuandika kwamba wanawake walianguka ovyo, wengine wakasema walikimbia kumi na moja na watano wakashindwa njiani, yani hata hesabu hawakujua. Picha hiyo ya uongo ikatosha, mbio zikafutwa mpaka Rome 1960. Miaka 32! Na mbio hizohizo ndo zilizompa Pamela Jelimo dhahabu Beijing 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Huwa nawaza ni kina Jelimo wangapi waliishia kuchota maji tu mana watu fulani waliona aibu kumtazama mwanamke akihema.

Alafu ndugu yangu wa Eldoret, hela sawa mezani sio hela sawa mkononi. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani za wanawake watupu kule Ujerumani Septemba 2021, dakika 30 na sekunde 1, mwezi uliofuata akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten na mumewe ndiye aliyekamatwa na kushtakiwa. Alikuwa na miaka 25. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, Septemba akamwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafia hospitali hapohapo kwenu Eldoret, na baba yake alisema kulikuwa na ugomvi wa kiwanja alichokuwa amenunua. Binti anaanza kukimbia yuko shuleni, anatokea mwanaume anajiita kocha, baadaye mume, baadaye meneja, na hati ya shamba inaandikwa jina lake huyo bwana. Wanariadha wenyewe baada ya msiba wa Agnes wakaanzisha Tirop's Angels kusaidia wenzao wanaopitia hayo.

Na magazeti mnayoyasifu yanaandika siku ya medali. Siku ya kawaida, wakati binti anahangaika nani kashika kadi yake ya benki, mwandishi hayupo. Nisingesema riadha haina shida, ningesema shida yake imehama imeingia ndani ya nyumba ambako kamera haziendi. Ukiwa huko Eldoret unawajua hao mabwana kuliko mimi ninayeandika nikiwa Dar.

Habari za kazi Shangazi. Binti yangu ana miaka 14, anapenda mpira kuliko kula. Kuna kituo cha kukuza vipaji vya mpira kimemwona kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kinamtaka. Mama yake hataki kabisa, majirani wanasema atakuwa jike dume na hataolewa. Mimi kusema ukweli nawaogopa zaidi makocha. Nimruhusu?
*Baba Binti, Morogoro*

Salama baba, na hongera kwa kuuliza. Za majirani tuzimalize haraka: wapo wachezaji wameolewa wana watoto na wapo hawajaolewa, kama walivyo walimu na wauza nguo. Clara Luvanga alikuwa kwenye kikosi kile cha Serengeti Girls, akaja kusajiliwa Al Nassr ya Saudi Arabia. Aisha Masaka katoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Sikuahidi wako atafika huko, wengi hawafiki, ila sioni jirani aliyewahi kumlipia mtu ada kwa sababu hakucheza mpira.

Hofu yako ya makocha ndo ya maana, wala usione aibu kuonekana mkorofi. Nenda mwenyewe, usimtume mjomba. Kwanza angalia kama kwenye benchi la ufundi kuna mwanamke, matroni wa kweli anayesafiri nao na sio jina tu kwenye karatasi. Uliza wakisafiri wanalala wapi, chumba kimoja wangapi, kocha analala wapi. Waambie wazi kwamba meseji zote za kumpangia mazoezi zije kwenye simu yako au ya mama yake, na hakuna mazoezi ya peke yake na kocha, hata kama anasema anamwendeleza kipaji. Anayekasirikia sharti hilo keshakujibu. Cheti cha kuzaliwa ubaki nacho wewe, wape nakala. Wakileta karatasi ya kusaini, iwe mkataba iwe "fomu ndogo tu", usisaini palepale, beba nyumbani mpe mtu anayejua kusoma mambo hayo. Na shule, muulize mwalimu mkuu wa huko atakakosoma, sio mwenye kituo, mana mwenye kituo atakwambia wote wanafaulu.

Mama yake usibishane naye sebuleni, mchukue siku ya mechi mkae wote jukwaani amwone mtoto wake akiwa na mpira. Wengi ninaowajua walibadilika hapo, sio wote.

Na vitu vidogo ambavyo sisi wanaume na wanawake tunaona aibu kuvitaja: binti wa miaka 14 anahitaji sidiria ya michezo na njumu za saizi yake, sio za kaka yake zilizowekewa karatasi mbele. Anahitaji kujua kuwa siku zake zikija mazoezini kuna taulo za kike kwenye begi la timu na mtu wa kumwambia bila kuchekwa. Kwahiyo ukifika kituoni, kabla hujaonyeshwa makombe, omba kuonyeshwa choo na pale wasichana wanapobadilishia nguo. Wakikuonyesha nyuma ya basi, waage vizuri, waambie utamleta wakishajenga chumba.